Kunyamazisha Ujumbe wa Programu: Kelele za Chura au Dalili ya Mvua?

0. Utangulizi

Mtu anayeanzisha programu kutoka katika konsoli, yaani ule uwanja wa maandishi matupu ambamo amri huandikwa kwa herufi, mara nyingi hupewa zaidi ya alichokiomba. Aliomba kufungua waraka. Waraka unafunguka, lakini konsoli inajaa mistari inayoonya kuhusu fonti isiyopatikana, mpangilio uliopitwa na wakati au kifaa kisichojibu. Mistari hiyo huja leo, huja kesho, na kazi huendelea kama kawaida. Baada ya juma moja haisomwi tena; baada ya mwezi inachukiza.

Kiswahili kina methali mbili zinazoweza kumwongoza mtu katika hali hiyo, na kila moja inamvuta upande wake. Ya kwanza yasema kwamba kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Ya pili yasema kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Anayeifuata ya kwanza hupuuza. Anayeifuata ya pili hutafuta sababu. Ugumu uko katika kutambua ni ujumbe gani ulio chura na upi ulio wingu.

Makala haya yanaeleza, kwa mpangilio, ujumbe wa konsoli ni nini, namna ya kuuzuia bila kuigusa programu yenyewe, na namna ya kuiunda upya programu huria ili isiutoe tena. Baadaye yanachambua tukio la Debian la miaka ya 2006 hadi 2008, ambamo kunyamazisha maonyo kuliharibu usalama wa kompyuta nyingi, kisha yanagusia nafasi ya Kiswahili katika suala hili. Nia si kumgeuza mwanafunzi wa isimu kuwa fundi wa kompyuta. Nia ni kuonyesha kwamba kuondoa ujumbe katika programu ni kazi ya kusoma kabla haijawa kazi ya kufuta.

1. Ujumbe wa konsoli

1.1 Msemaji na msikilizaji

Ujumbe wa konsoli ni usemi kama semi nyingine. Unaye msemaji, ambaye ni programu, na nyuma ya programu yuko mtunzi aliyeiandika sentensi hiyo miezi au miaka kabla haijasomwa. Unaye pia msikilizaji. Hapa ndipo chanzo cha kero nyingi kinapopatikana: msikilizaji aliyekusudiwa na msikilizaji halisi si mtu mmoja. Maonyo mengi yanayoletwa na programu za madirisha yaliandikwa na mtunzi kwa ajili ya watunzi wenzake, ili wajue kwamba njia fulani ya kuandika programu itaachwa siku zijazo. Mhadhiri anayetaka tu kusahihisha mitihani huipokea barua isiyokuwa yake.

1.2 Milango miwili

Katika mifumo ya ukoo wa Unix, ambamo Linux imo, kila programu hufunguliwa milango miwili ya kutolea maneno. Mlango namba 1 ni wa matokeo, yaani kile kilichoombwa. Mlango namba 2 ni wa makosa na maonyo. Milango yote miwili huelekea kwenye skrini ileile, na kwa sababu hiyo mtumiaji huona mkondo mmoja. Lakini mfumo wenyewe haujasahau tofauti hiyo, na njia nyingi za kunyamazisha huitegemea.

1.3 Ngazi

Kiini cha mfumo wa Linux, ambacho Linus Torvalds alianza kukitoa mwaka 1991, huenda mbali zaidi: kila ujumbe wake hubandikwa namba ya uzito. Namba ndogo ndiyo yenye uzito mkubwa. Kwa Kiswahili ngazi hizo nane zaweza kuitwa hivi:

0 – dharura: mfumo hautumiki tena;
1 – hatua ya papo hapo yahitajika;
2 – hali mahututi;
3 – kosa;
4 – onyo;
5 – angalizo: hali ni ya kawaida lakini yafaa ijulikane;
6 – taarifa;
7 – uchunguzi: maelezo ya fundi anayetafuta hitilafu.

Mpangilio huu una faida moja kubwa. Mtunzi, ambaye anajua maana ya ujumbe, husema uzito wake. Mtumiaji, ambaye anajua mahitaji yake, huamua ni uzito gani unaostahili kumfikia.

2. Kunyamazisha bila kuigusa programu

Njia iliyo nyepesi kuliko zote ni kuugeuza mlango namba 2 uelekee kwingine. Amri ikimalizika kwa alama 2>/dev/null, kila kitokacho katika mlango huo hutupwa mahali pasipo na kumbukumbu. Njia hii ni nyepesi na pia ni katili, kwa kuwa haichagui: onyo la fonti hutupwa pamoja na taarifa kwamba diski imejaa. Mtu mwangalifu huandika badala yake 2>>makosa.txt, na maneno hayo hukusanyika katika faili ambalo linaweza kusomwa siku ya shida.

Kwa ujumbe wa kiini cha Linux, hutumika ngazi zilizoelezwa hapo juu. Msimamizi wa mfumo akiandika dmesg -n 4, konsoli huonyesha tu ujumbe wenye namba iliyo chini ya 4, yaani makosa na yaliyo mazito kuliko makosa. Neno quiet likiwekwa katika maagizo ya kuwashia kompyuta, nalo huipunguza mistari inayopita wakati mashine inapoamka. Katika hali zote mbili ujumbe haupotei. Kiini huuhifadhi katika sehemu ya kumbukumbu yake, na amri ya dmesg pasipo nyongeza huutoa wote.

Yafaa kuitia maanani tofauti hii kati ya kuficha na kufuta. Aliyeficha anaweza kurudi nyuma. Aliyefuta hana pa kurudi, kwa sababu kisichosemwa hakiandikwi popote. Kwa hiyo njia za sehemu hii hutangulia, na mabadiliko ya programu yenyewe huja pale tu ambapo hazitoshi: kwa mfano, programu isiyokuwa na ngazi, au ujumbe unaochanganywa katika mlango namba 1 na kuyachafua matokeo yenyewe.

3. Kubadilisha matini chanzo na kuunda upya

3.1 Haki yenyewe

Programu huandikwa na binadamu katika lugha inayosomeka. Maandishi hayo ndiyo matini chanzo. Kisha chombo kiitwacho kompaila huyageuza kuwa lugha ya mashine. Wanafunzi wa tafsiri wataitambua hali hii mara moja: kuna matini chanzo na matini lengwa, na aliye na matini lengwa peke yake hawezi kuirudisha ile ya kwanza kwa ukamilifu. Anayetaka kuondoa sentensi moja katika programu lazima aipate matini chanzo, aibadilishe, na kuiunda programu upya.

Haki ya kufanya hivyo haikuwa dhahiri siku zote. Historia yake inaanza, kwa ajabu, na mtu aliyetaka kuongeza ujumbe wala si kuuondoa. Mnamo mwaka 1980 hivi, katika maabara ya akili bandia ya chuo cha MIT nchini Marekani, Richard Stallman alikuwa amekwisha kuibadilisha programu ya mashine moja ya kuchapia ili iwaarifu watumiaji kwenye skrini zao karatasi zinapokwama. Mashine mpya ya Xerox ilipoletwa, ilikuja bila matini chanzo, na hivyo haikuwezekana kuifanya iseme. Mwaka 1983 Stallman alitangaza mradi wa GNU, na leseni yake ya umma, GPL, ilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1989. Leseni hiyo inamruhusu kila mtu kuitumia programu, kuisoma na kuibadilisha, kuisambaza, na kuisambaza hata baada ya kuibadilisha. Haki ya kuisemesha programu na haki ya kuinyamazisha ni haki moja.

3.2 Hatua za kazi

Mfano unaofuata unahusu Debian na mifumo iliyozaliwa nayo, kama Ubuntu.

(a) Kuipata matini chanzo ya toleo lilelile lililosakinishwa. Amri ya apt-get source, ikifuatwa na jina la pakiti, huileta; apt-get build-dep huleta vifaa vinavyohitajika kuiunda.

(b) Kuutafuta ujumbe. Amri ya grep -rn hupekua mafaili yote na kuonyesha mstari. Hapa wapo mitego miwili. Wa kwanza ni lugha: kompyuta iliyowekwa kwa Kifaransa huonyesha tafsiri, ilhali matini chanzo kwa kawaida ina sentensi ya Kiingereza. Dawa ni kuianzisha programu ikitanguliwa na LC_ALL=C ili itoe sentensi ya asili. Mtego wa pili ni kwamba jina la faili au namba inayoonekana katika ujumbe haimo katika matini. Mahali pake pamewekwa alama kama %s au %d, na thamani hutiwa wakati programu inapotumika. Kwa hiyo hutafutwa yale maneno tu yasiyobadilika.

(c) Kuisoma sehemu inayouzunguka ujumbe. Ni sharti gani linaloufanya utolewe? Baada ya kuutoa, je, programu inachukua hatua nyingine katika mabano yaleyale? Hatua hii ndiyo inayorukwa mara nyingi, na ndiyo inayotenganisha ukarabati na uharibifu.

(d) Kubadilisha kwa kiasi kidogo kabisa. Panapokuwa na ngazi, kuushusha ujumbe kutoka ngazi ya onyo hadi ngazi ya uchunguzi ni bora kuliko kuufuta. Na kuuondoa ujumbe ni tofauti kabisa na kuondoa ile kazi iliyousababisha.

(e) Kuweka kumbukumbu. Amri ya diff -u hulinganisha matini ya zamani na mpya, na kutoa faili dogo liitwalo kiraka. Kiraka humwonyesha msomaji yeyote ni mistari gani imetolewa na ipi imeingizwa.

(f) Kuunda, kujaribu na kusakinisha. Kwa pakiti za Debian kazi hiyo hufanywa na dpkg-buildpackage. Jaribio lisiishie katika kuhakikisha kwamba ujumbe umetoweka. Lazima ionekane pia kwamba kila kitu kingine kimebaki kama kilivyokuwa.

(g) Kutunza. Sasisho lijalo litaifuta programu iliyobadilishwa na kuirudisha kelele. Amri ya apt-mark hold huzuia sasisho hilo, lakini huzuia vilevile marekebisho ya usalama. Kwa sababu hiyo njia inayodumu ni kuwapelekea watunzi kiraka chenyewe, ili wakikubali kiwafae wote.

3.3 Wajibu

Leseni ya GPL haimdai kitu anayebadilisha programu kwa matumizi yake mwenyewe. Akiisambaza, hana budi kuisambaza pamoja na matini chanzo, na kuonyesha wazi kwamba mafaili yamebadilishwa. Juu ya sheria kuna adabu. Programu ya GNU Parallel, iliyotungwa na Ole Tange, huonyesha kwenye konsoli ombi kwamba anayeitumia katika utafiti aitaje katika marejeo ya maandishi yake. Ombi hilo hunyamazishwa kwa amri ya parallel --citation, ambayo humtaka mtumiaji akubali kutaja. Mtu anayeifungua matini chanzo na kulifuta hatendi kosa la leseni. Lakini chuo kikuu, ambacho huwafundisha wanafunzi wake kutaja kila chanzo, hakiwezi kulihesabu ombi hilo kuwa kelele.

4. Tukio la Debian, 2006–2008

OpenSSL ni maktaba ya programu inayotumiwa kufumba mawasiliano ili wasiohusika wasiyasome. Usalama wake wategemea namba za kubahatisha: funguo hutengenezwa kutokana nazo, na anayeweza kuzikisia anaweza kuutengeneza ufunguo wa mwenzake. Namba hizo huchotwa katika hifadhi ambayo programu huikoroga daima, kama mpishi anayetia viungo sufuriani. Kadiri vinavyoingia viungo vingi visivyojulikana, ndivyo aliye nje anavyoshindwa kukisia kilichomo.

Wakati huohuo kuna chombo cha uchunguzi kiitwacho Valgrind, ambacho huonya programu inaposoma sehemu ya kumbukumbu ambayo bado haijajazwa na mtu. Kwa kawaida onyo hilo ni la kweli na lina manufaa. OpenSSL, hata hivyo, ilikuwa na desturi ya pekee: ilipoombwa namba, ilikoroga pia mabaki yoyote yaliyokuwa katika chombo alichokileta mwombaji. Matokeo yake, kila programu iliyotumia OpenSSL ilimwaga maonyo mengi chini ya Valgrind, na makosa halisi yakazikwa humo. Kero hiyo ilikuwa ya haki.

Maonyo yalipofuatiliwa, yaliishia kwenye mistari miwili ya faili la md_rand.c. Mistari hiyo ilifanana herufi kwa herufi. Mwaka 2006 mtunzaji wa pakiti katika Debian aliwauliza watengenezaji wa OpenSSL kuhusu kuiondoa, na majibu aliyoyapata hayakumzuia. Mistari yote miwili ikazimwa, programu ikaundwa upya, na toleo 0.9.8c-1 likaingia katika Debian tarehe 17 Septemba 2006. Maonyo yakakoma.

Mmoja wa mistari hiyo ulikuwa ndio uliokoroga mabaki. Kuuzima hakukudhuru chochote. Watunzi wa OpenSSL wenyewe walikuwa wamekwisha kuuwekea swichi ya kuuzimia, pamoja na maelezo mafupi kwamba vyombo vya uchunguzi huulalamikia. Mstari mwingine, ulioandikwa sawasawa na huo lakini ukiwa ndani ya kazi nyingine, ndio uliotia viungo sufuriani. Ulipozimwa, mpishi aliendelea kukoroga chungu kisichotiwa kitu. Kilichobaki kuwa tofauti kati ya mara moja na nyingine ni ile namba ambayo mfumo huipa kila programu inayoanzishwa, nayo haikuzidi thamani 32,768. Kwa kila aina ya kompyuta na kila urefu wa ufunguo, adui aliweza kuzitengeneza funguo zote mapema na kuzijaribu moja baada ya nyingine.

Hakuna aliyeonywa. Programu ilifanya kazi, funguo zilitengenezwa, milango ilifungwa na kufunguliwa. Miezi 20 ilipita kabla Luciano Bello, mmoja wa wajenzi wa Debian, hajaligundua tatizo, nalo likatangazwa tarehe 13 Mei 2008. Mifumo iliyozaliwa na Debian, Ubuntu ikiwemo, iliathirika pia. Kusasisha programu hakukutosha. Funguo dhaifu za SSH na vyeti vilivyotengenezwa katika kipindi hicho vilibidi kutupwa na kutengenezwa upya, na kwa kuwa funguo hunakiliwa kutoka mashine moja hadi nyingine, hatari ilifika hata kwenye kompyuta ambazo hazikuwahi kuendesha Debian.

Kwa mwanaisimu, tukio hili lina fundisho lisilohitaji ujuzi wa hesabu za mafumbo. Kauli mbili zilizofanana kabisa kimaumbo zilikuwa na maana mbili tofauti, kwa sababu ya miktadha yake. Aliyezisoma kwa umbo aliona kitu kimoja kilichorudiwa. Aliyezisoma kwa muktadha angaliona chura na chemchemi. Tena, onyo lenyewe halikuwa la uongo wala halikuwa la hatari: kosa lilitokea katika kuchukulia kwamba palipo na onyo lisilo na maana, pana pia kazi isiyo na maana. Na uhuru wa matini chanzo haukuwa kinga kamili. Badiliko liliwekwa hadharani tangu siku ya kwanza, lakini kilicho wazi bila kusomwa hakina tofauti kubwa na kilichofichwa. Hata hivyo, uwazi huohuo ndio uliomwezesha Bello kuliona na ulimwengu kulithibitisha.

5. Nafasi ya Kiswahili

Msomaji anaweza kuuliza suala hili linaihusu nini taaluma ya Kiswahili. Linaihusu kwa njia mbili.

Kwanza, haki inayomruhusu fundi kufuta sentensi ndiyo inayomruhusu mfasiri kuisema kwa lugha nyingine. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam uliitumia haki hiyo kutoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, mwaka 2004. Katika programu nyingi huria, sentensi za ujumbe hukusanywa katika mafaili ya tafsiri, ambamo kila sentensi ya asili hupangwa pamoja na mwenziwe wa lugha lengwa, na kazi hiyo haihitaji ufundi wa kuandika programu.

Pili, ujumbe mwingi hunyamazishwa kwa sababu haukueleweka. Mwanafunzi wa Lubumbashi au Bukavu anayesoma onyo la Kiingereza kupitia Kifaransa chake cha shule, akiwa nyumbani anazungumza Kiswahili, yuko mbali na mtunzi kwa hatua tatu. Kwake kila mstari ni kelele, wa ngazi ya 2 sawa na wa ngazi ya 6. Kiswahili kina msamiati wa kutosha wa kuzitenga ngazi hizo: onyo si sawa na angalizo, angalizo si sawa na taarifa, na kosa si sawa na hitilafu. Kinachotakiwa ni kuyatumia maneno hayo kwa uthabiti, neno moja kwa dhana moja, ili anayesoma ajue kwa neno la kwanza tu kama aendelee na kazi au asimame.

6. Hitimisho

Mtu aliyechoshwa na ujumbe wa konsoli ana njia tatu, na mpangilio wake una maana: kuusoma, kuuficha, na mwisho kuufuta. Programu huria humpa uwezo wa kufika hadi njia ya tatu, uwezo ambao Stallman aliukosa mbele ya mashine ya kuchapia. Lakini uwezo huo unamhamishia pia kazi ya mtunzi: yeye sasa ndiye anayejibu kwa kila kitakachosemwa na kitakachonyamaziwa. Kabla ya kuunda upya, basi, na aweze kueleza kwa sentensi moja ni sharti gani lililoutoa ujumbe, na ni kazi gani itakayobaki ikifanyika baada ya ujumbe kuondoka. Akishindwa kuitunga sentensi hiyo, hajajua bado kama amemsikia chura au ameliona wingu.